Mtoto Mmoja wa Iya Ibeji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tinuade alimsaidia mama yake kukaanga akara kando ya barabara ya Isale-Ofi, mtaa wa wafumaji katika mji wa Iseyin. Mama alichota rojo la kunde kwa kijiko na kulidondosha kwenye mafuta; Tinuade akageuza, akaopoa, akafunga kwenye karatasi. Redio ndogo ilikuwa imening'inizwa kwenye nguzo ya mwavuli wao. Siku nyingi hakuna aliyeisikiliza, isipokuwa Jumatano, maana Jumatano alizungumza Anti Olaitan.

Anti Olaitan alikuwa mdogo wake mama. Alifanya kazi gazetini huko Ibadan, na kazi yenyewe ilikuwa ngumu kumweleza mtu wa sokoni. Hakukimbizana na magari ya wakubwa, wala hakusubiri ajali itokee ndipo apige picha. Alikusanya takwimu: visima vingapi vimekauka, walimu wangapi hawajalipwa, barabara ipi inaua watu wengi. Kisha alizipanga kwenye kompyuta na kuzichorea ramani na chati, hata mtu aliyezikimbia hesabu tangu darasa la pili akaona kwa macho yake kile ambacho wakubwa hawakupenda kionekane. Mwenyewe alijiita mwandishi wa habari za takwimu. Mama alimwita yule anayelipwa kwa kuhesabu.

"Na mimi nitalipwa kwa kuhesabu," Tinuade alipenda kusema.

"Anza na akara basi," mama alimjibu. "Yule mzee kalipia tano, wewe umemfungia sita."

Mwaka huo, mvua zikiwa karibu, chama cha wana-mji wanaoishi Lagos kilichanga fedha za kununua vyandarua kwa watoto wa Isale-Ofi walio chini ya miaka mitano. Fedha walikuwa nazo. Idadi ya watoto hawakuijua. Mwalimu Adigun, msimamizi wa klabu ya wanahabari shuleni, akawaambia wasihangaike, wanafunzi wake watahesabu. Kila mwanaklabu alipewa sehemu yake ya mtaa. Atakayefanya kazi bora zaidi angekwenda Ibadan likizo ndefu, akae wiki nzima gazetini pamoja na Anti Olaitan. Tinuade aliposikia hivyo, akajiona ameshafika.

Jumamosi Anti Olaitan alikuja mwenyewe kuwafundisha. Aliwaketisha darasani, akawauliza, "Haya, waandishi wangu. Mkifika nyumbani kwa mtu mtasemaje?"

"Tutapiga magoti tusalimie," akasema Sikirat, rafiki mkubwa wa Tinuade, "halafu tutauliza, 'Iya, una watoto wangapi?'"

Darasa zima liliguna. Hata mtoto mdogo wa Kiyoruba anajua kwamba mzazi hahesabiwi watoto wake. Ukimuuliza mama idadi atakupunguzia, au atacheka, au atakuuliza habari za nyanya yako, kwa sababu mtoto aliyetajwa kwa namba ni kama ameanikwa mbele ya jicho la hasidi. Sikirat aliziba mdomo wake akicheka.

"Hapo hesabu yako imekufa kabla ya kuzaliwa," Anti alisema, naye akicheka. "Usimuulize wangapi. Muulize, 'Iya, asubuhi huwa unawaamshaje wanao?' Halafu nyamaza. Atawataja mmoja mmoja kwa majina yao ya sifa, Akanni huyu, Abeke yule, uzao wa fulani, mjukuu wa fulani. Hakuna mama atakayemruka mwanawe katika sifa. Wewe sikiliza, utie alama. Itachukua muda, na pengine mtapewa chakula. Kuleni."

"Na akisema jambo halafu wewe umeona jingine?" Tinuade aliuliza.

"Andika ulichoambiwa, na pembeni uandike ulichokiona. Vikigombana, rudi. Watu wanadhani kazi yetu ni kuchora chati. Kazi yetu kubwa ni kurudi."

Siku ya kwanza Tinuade alifanya kama alivyofundishwa. Aliuliza swali lake, akanyamaza, na wanawake wakafunguka. Mmoja aliacha kusokota uzi akasimama kabisa kumsifu mwanawe wa mwisho, huku mtoto mwenyewe akinyonya kidole bila habari. Tinuade alikula moin-moin nyumba hii na amala nyumba ile, akacheka, akatia alama zake. Lakini jua lilipoinama, sehemu kubwa ya mtaa wake ilikuwa bado.

Lukman wa klabu akapita na kofia yake upande. "Tinu! Bado unaimbiwa wewe? Mimi nimeshamaliza, nakwenda zangu kucheza mpira."

"Umemaliza yote?"

"Yote, dada. Ibadan hiyoo!" Akapiga mluzi akaenda.

Baadaye sana Tinuade alikuja kujua kwamba sehemu ya Lukman ilikuwa na maduka mengi kuliko nyumba. Lakini jioni ile hakuuliza. Alilala na kinyongo, na kesho yake akaamka na haraka.

Siku ya pili hakuuliza tena habari za kuamsha watoto. Alipiga goti nusu, akasalimia mbiombio, na kuuliza wazi, "Iya, una watoto wangapi walio chini ya miaka mitano?" Wengine walimjibu mmoja. Wengine wawili. Mmoja alimwambia ana mbuzi watatu, akacheka peke yake. Tinuade aliandika akapita, akaandika akapita, na kufikia alasiri alikuwa amebakiwa na nyumba ya mama yake Sikirat.

Watu wote walimwita Iya Ibeji, yaani mama wa mapacha. Alikuwa akikunja nyuzi barazani, mtoto mchanga Idowu akiwa mgongoni. Sikirat alikuwa chuoni akisoma Kurani. Mapacha wenyewe, Taiwo na Kehinde, ambao hawajatimiza hata miaka minne, walikuwa wakifukuzana kati ya nyuzi zilizotandazwa uani. Walipomwona Tinuade wakamkimbilia. Kehinde alishika upindo wa sare yake na kuuvuta kama kamba ya kengele, akitaka abebwe.

Tinuade aliuliza swali lake. Iya Ibeji akaacha kukunja.

"Ebo! Tinu, tangu lini watoto wa watu wakahesabiwa kama mbuzi wa Sikukuu?"

"Ni kwa ajili ya vyandarua, Iya."

"Haya. Mwandike huyu wa mgongoni. Wengine Mungu anawajua."

Tinuade akaandika: Iya Ibeji, mtoto mmoja. Aliandika hivyo huku Kehinde akiwa bado anamvuta sare. Hata jina la mama lilikuwa likimpigia kelele usoni. Alijua, tena alijua vizuri, kwa kuwa alikuwa amewabeba mapacha wale tangu wakiwa na nywele za kuzaliwa. Lakini alijiambia kwamba ameandika alichoambiwa, na pembeni akapaacha patupu. Kuandika pembeni kulikuwa na maana ya kurudi, na siyo nyumba hii tu bali zote za siku ile, na kurudi kulikuwa na maana ya Lukman kwenda Ibadan. Kuna uongo wa kusema na kuna uongo wa kunyamaza. Huu wa pili watu huupenda zaidi, kwa kuwa hauwashi ulimi.

Chati yake ilitoka nzuri kuliko zote. Kila kichochoro kilikuwa na rangi yake, na chini aliandika jina lake kwa herufi kubwa. Mwalimu Adigun aliibandika ukutani, na Ijumaa redio ya mji ikaisoma. Mama alizungumza habari hiyo na kila mnunuzi wa akara, hata wale waliokuwa na haraka. Nafasi ya Ibadan akapewa Tinuade. Sikirat, ambaye alikuwa amerudia nyumba nyingi na kuchelewa kumaliza, alimkumbatia na kumwambia amletee zawadi.

Mvua za kwanza zilipoanza, vyandarua vikafika. Viligawiwa uwanjani mwa shule, kila nyumba kwa idadi yake. Tinuade alikuwa mezani akisaidia kusoma majina, na zamu ya Iya Ibeji ilipofika, mgawaji akampa chandarua kimoja. Iya Ibeji alikigeuza mikononi mwake. Kisha akamtazama Tinuade.

"Tinu, mwanangu. Kimoja?"

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na Mwalimu Adigun alikuwa karibu. Tinuade akaweka kidole kwenye mstari wa jina lake.

"Si ndivyo ulivyosema mwenyewe, Iya?"

Iya Ibeji angejibu nini? Ni kweli alikuwa amesema. Akakikunja chandarua chake, akakiweka kichwani, akaondoka. Wanawake wengine walipokea pungufu vivyo hivyo, wakanung'unika chinichini, na hakuna aliyedai zaidi, kwani kudai kungekuwa kuhesabu watoto wake hadharani.

Mvua ilishika. Madimbwi yakajaa nyuma ya vibanda vya kufumia, na mbu wakawa na sherehe. Siku moja kiti cha Sikirat kilikuwa kitupu darasani, na kesho yake pia. Tinuade alipata habari kwa mama yake, karai likiwa motoni.

"Kehinde wa Iya Ibeji yuko hospitali," mama alisema. "Malaria kali. Ameshikwa na degedege, wamembeba hajui mbele wala nyuma. Maskini mama yule! Chandarua kimemfunika yule mchanga, na wale wawili wamelala nje yake. Sijui kwa nini hawakumpa vya kutosha."

Akara iliungua mbele ya Tinuade na hakuiona. Akanyamaza siku ile, na iliyofuata. Alibadili hata njia ya kwenda shuleni ili asipite mbele ya nyumba ile. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya Tinuade hayakungoja kuzaliwa. Yalikaa naye kwenye dawati na kula naye sahani moja.

Sikirat aliporudi shuleni alikuwa amekonda. Tinuade alimsogelea.

"Kehinde hajambo?"

"Atapona, wamesema." Sikirat akamgeukia. "Hivi wewe, mhesabu wa watu, siku ile ulipokuja kwetu hukuwaona? Hawakukuvuta sare? Wale wanamvuta hata imamu!"

Sikirat akachukua mkoba wake na kwenda kukaa dawati jingine.

Mchana huohuo Anti Olaitan akapiga simu. Gazeti lilitaka kuandika habari ndefu kuhusu vyandarua na mvua, na yeye alikuwa ameanza kulipitia jedwali lote la klabu, nyumba kwa nyumba.

"Tinu, kuna mstari unanichekesha hapa. Iya Ibeji, mtoto mmoja. Mama wa mapacha ana mtoto mmoja?" Alicheka kidogo. "Alikupunguzia, eh? Na wewe labda hukuwaona watoto, walikuwa wamelala?"

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Tinuade. Neno moja tu, ndiyo, na lawama yote ingebaki kwa Iya Ibeji, na Ibadan ingebaki kwake. Mama yake hakuwapo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akisikiliza.

"Niliwaona, Anti," akasema. "Kehinde alikuwa ameshika sare yangu. Nilijua wako watatu. Nikaandika mmoja."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kumaliza kabla ya Lukman. Na sasa Kehinde yuko hospitali."

Anti Olaitan hakucheka tena. Alipouliza, aliuliza taratibu, na utaratibu huo ulimwogopesha Tinuade kuliko ukali. "Nyumba nyingine ulifanya hivyo?"

"Zote za siku ya pili."

"Kwa hiyo leo kuna watoto wengine wanalala nje ya chandarua kwa sababu yako, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Kulia utalia baadaye, Tinu. Nakuja."

Kesho yake mapema Anti alikuwa Iseyin. Hawakwenda kwanza shuleni wala redioni. Walikwenda hospitali, ambako Kehinde alikuwa amefungua macho, mdogo kitandani kuliko alivyokuwa uani. Tinuade alipiga magoti yote mawili sakafuni.

"Iya, nisamehe. Niliwaona wanao na nikawaacha."

Iya Ibeji aliweka mkono wake juu ya kifua cha mtoto. "Mimi ndiye niliyesema mmoja," alisema. "Nilimficha mwanangu asionwe na jicho la watu, nikamwacha aonwe na mbu. Nitamlaumu nani?"

"Lakini wewe ulisema wengine wapo, Iya. Mungu anawajua, ulisema. Mimi ndiye niliyewafuta."

"Ee," Iya Ibeji akasema polepole. "Hilo ni lako. Hilo siwezi kukubebea." Hakumfukuza, wala hakumwambia ainuke. Anti ndiye aliyemwinua.

Jioni hiyo redio ya mji ilisoma masahihisho, na aliyeyasoma alikuwa Tinuade mwenyewe. Alitaja jina lake. Alisema kwamba idadi aliyoitoa haikuwa ya kweli, kwamba akina mama hawakumdanganya, bali yeye alijua na alinyamaza. Aliwaomba radhi, akaomba waruhusu kutembelewa upya. Barabarani mama yake aliisikia sauti ile mbele ya wanunuzi wake wote. Aliinamisha kichwa kama anayetafuta kitu ndani ya karai, ila redio hakuizima.

Mwalimu Adigun aliibandua chati ukutani mbele ya klabu nzima. Nafasi ya Ibadan akapewa Sikirat. Tinuade alimpongeza, na Sikirat akamjibu "asante" kama unavyomjibu mtu aliyekupisha njia. Siku zilipita kabla ya neno la pili.

Tinuade na Anti walizirudia nyumba zote za siku ya pili. Tinuade alikaa chini kila baraza, akauliza swali lake, akanyamaza, na kusikiliza sifa za kila mtoto hadi mwisho. Wako waliomfungia mlango mara ya kwanza, naye akarudi. Kwa baadhi ya nyumba watoto walikuwa maradufu ya aliowaandika. Anti alituma idadi mpya Lagos pamoja na maelezo ya kosa lenyewe, bila kulifunika, na wana-mji wakachanga tena. Safari hii vyandarua vilitosha, na hakuna mtoto mwingine wa Isale-Ofi aliyebebwa hajui mbele wala nyuma.

Kehinde alirudi nyumbani. Alikuwa akitembea, akila, akimchokoza pacha wake. Lakini daktari alikuwa amemwita mama pembeni na kumweleza kwamba degedege lile limegusa masikio. Angesikia kidogo tu, na tena akiwa karibu sana.

Siku vyandarua vya mapacha vilipofika, Anti na Tinuade ndio waliokwenda kuvifunga. Walipigilia misumari na kuvuta kamba, na kazi ilipoisha Tinuade alikaa kitini akilia kimyakimya.

"Nilidhani nikisema ukweli nitajisikia vizuri, Anti."

Anti Olaitan alikaa karibu naye. "Ukweli uliochelewa huwaokoa waliobaki, Tinu. Umewaokoa, na hilo si dogo. Ila hauwezi kurudi nyuma kwa yule wa kwanza. Mimi nikikosea gazetini naandika samahani ukurasa wa pili, na watu wanasoma. Lakini samahani haisikiki kwenye sikio lililokwisha kufa. Kama bado unaitaka kazi hii, shika jambo moja: namba haina macho, macho unayo wewe. Ukiona mtu, mwandike, hata kama itakubidi urudi mara kumi, hata kama mwenzako amekwisha kufika Ibadan."

"Bado naitaka," Tinuade alisema. "Sijui kama inanitaka."

"Hilo litajulikana kwa kazi utakayofanya kesho na keshokutwa," Anti akajibu, akaanza kukusanya misumari iliyobaki.

Uani mapacha walikuwa wakicheza, migongo yao ikielekea mlangoni. Tinuade alisimama kizingitini akaita, "Kehinde!" Taiwo ndiye aliyegeuka. Kehinde aliendelea kuchora mchanga kwa kijiti. Tinuade alivuka ua, akapita mbele yake, akapiga magoti mchangani ili mtoto aweze kuuona mdomo wake, na kumwita tena.